Jeneza la Mgomba

Ko! Ko! Ko!

Hiyo ni nyundo, msomaji wangu, na aliye ndani ya jeneza ni Severin Kobelo, mzima wa afya, majivu usoni, koti lake la buluu mwilini. Tulipoachana naye wiki jana alikuwa amelala chali, mfuniko umeshuka na msumari wa kwanza umeingia. Huu sasa ni wa pili.

Kama gazeti la wiki jana jirani alilifungia vitumbua, nakusimulia haraka haraka, maana mtu yuko jenezani.

Severin ndiye yule aliyeuza kiwanja kimoja cha Kihonda kwa watu tisa. Kila mmoja alipewa kivuli cha hati na akapewa mkono. Wasingejuana mpaka leo kama wote tisa wasingetokea Jumamosi moja, kila mtu na ndoo yake, kumwagilia miche aliyoipanda. Polisi wakaanza kumsaka. Yeye akaacha shati na viatu kando ya Mto Ngerengere siku ya mafuriko, mji mzima ukasema kazama, kumbe mwenzetu kapanda milimani, kajificha kwenye kibanda cha shamba juu ya kijiji chao cha Lukwele, huko Mgeta.

Siku kumi na moja mwili haukuonekana. Wazee wa ukoo wakaona mama yake asiendelee kungoja. Ukakatwa mgomba, ukaviringishwa sanda, ukavishwa koti la marehemu, ukawekwa jenezani ili uzikwe kwa jina lake na msiba uishe.

Habari za koti zilipomfikia Severin, akaruka. Ndani ya bitana ya koti lile alikuwa ameshona hati halisi ya kiwanja! Mnunuzi wa kumi alikuwa tayari, na baada ya mnunuzi wa kumi ni mpaka wa nchi na kwaheri ya kuonana. Koti likizikwa, safari imekufa.

Akajipaka majivu, akajifunga gunia, akashuka msibani kujifanya mtani. Huko milimani watani wakiingia msibani hakuna wa kuwagusa. Humwiga marehemu, huvaa nguo zake, humsema vibaya mpaka wafiwa wacheke na machozi yakiwatoka. Watani wa ukoo huo walikuwa wamefika kutoka Kinole, upande wa pili wa milima, wakiongozwa na Mzee Mwinjuma. Severin akajichomeka katikati yao, akaanza kumwiga Severin. Alimwiga vizuri ajabu! Watu wakalia kwa kucheka, mgomba ukavuliwa koti, akavishwa yeye.

Hapo angeondoka zake, na mimi leo nisingekuwa na la kuandika. Lakini watu wakapiga makofi wakisema, "Lala tuone kama linakutosha!" Na Severin, tangu azaliwe, hajawahi kuyaacha makofi yapite hivi hivi. Akalala.

Ko! Msumari wa tatu.

"Fungueni!" sauti ikatoka ndani. "Fungueni bwana, utani umekwisha!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Msikieni marehemu," Mwinjuma alisema, nyundo begani. "Alipokuwa hai alikuwa hataki kulipa nauli. Leo tunamsafirisha bure, bado hataki."

"Mzee, siwezi kupumua!"

"Tangu lini maiti akapumua?"

Kusema kweli hewa ilikuwepo. Mbao zile za msindano zilipasuliwa wiki ileile, hazijakauka, na fundi alizigonga zikaacha nyufa za kupitisha kidole. Kilichomtoa Severin jasho ni alichokiona kupitia ufa mmoja. Aliona viatu vyeusi vinavyong'aa, visivyo vya kijiji kile. Ni vya Afande Winfrida, mpelelezi kutoka Morogoro Mjini, aliyepanda Mgeta asubuhi hiyo na konstebo wake, Rogers, ili ashuhudie mazishi, arudi, afunge jalada.

Severin alitaka hasa mwanamke huyo aone amekufa. Mpango wenyewe ulikuwa huo. Tatizo ni kwamba ulikuwa umefanikiwa kupita kiasi.

Basi akatulia. Alijiambia kwamba watani watachoka, watamfungua, naye ataondoka na koti lake bila mtu kujua. Angekuwa anaijua mila ya kwao asingetulia. Lakini kijana alikulia mjini, na misibani alizoea kufika wakati wa chakula.

Mila ni hii. Mtani akishapigiliwa jenezani, hatoki mpaka wafiwa wamkomboe. Wasipomkomboa, jeneza linabebwa.

"Wafiwa!" Mwinjuma akaita. "Mtani wetu yuko ndani. Tunataka jogoo mwekundu na ndoo ya togwa. La sivyo tunazika kama tulivyopigilia!"

Macho yote yakamgeukia Bonifasi, kaka wa mama yake Severin na mwenye kauli katika ukoo. Mjomba huyu, msomaji, ni mchoyo ambaye kuna siku alirudi kutoka nusu ya njia ya shambani ili kuzima redio ya jirani, eti betri isiishe.

"Jogoo mwekundu?" Mjomba aliuliza. "Kwa ajili ya mgomba?"

"Mgomba huo hapo, umeegemea ukuta. Ndani kuna mtu."

"Mtu wenu. Mkomboeni wenyewe."

"Mjomba!" jeneza likapiga kelele. "Mjomba, toa jogoo!"

Mjomba Bonifasi akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Hebu sikieni sauti hiyo. Severin mtupu! Alikuwa ananiomba vivyo hivyo, nami nikimnyima vivyo hivyo. Haya, natoa yai."

"Yai!"

"La kuku wa kienyeji."

"Mtani, unatutukana. Vijana, beba!"

Watani sita wakainama, wakanyanyua. Severin akasikia mgongo wake ukiiacha ardhi. Wimbo ukaanza, na waliobeba wakaanza kucheza, hatua mbili mbele, moja nyuma, jeneza likiyumba kushoto na kulia. Kupitia ufa aliona kabichi, kisha viatu, kisha mbingu, kisha kabichi tena. Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, na lilichimbwa kweli kweli, maana watani wa Kinole kazi ya jembe hawaifanyii mzaha.

"Naongeza kifaranga!" Mjomba alipiga kelele akiwafuata.

"Songa mbele!"

"Mjomba, usiwe hivyo!" Severin alilia. "Mpe jogoo mzima!"

"Marehemu unaingilia mazungumzo ya wakubwa!" Mjomba akamjibu, na mama mmoja akakaa chini kwa kucheka.

Jeneza likatua ukingoni mwa shimo. Udongo kidogo ukadondoka kupitia nyufa, ukamwingia Severin mdomoni. Hapo moyo ulimhama. Kwa mara ya kwanza tangu aanze utapeli, Severin Kobelo akatamani kusema ukweli.

"Simameni! Mimi si mtani! Mimi ni Severin!"

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka bondeni.

"Severin yupi?" Mwinjuma aliuliza.

"Severin Kobelo! Mwenye msiba! Sikufa, nilidanganya!"

Mwinjuma akafuta machozi kwa kofia yake. "Jamani, nina miaka arobaini kwenye utani. Huyu kijana hata sijajua ni mtoto wa nani kule kwetu. Lakini akitoka humo, kazi yangu namwachia yeye."

"Nasema kweli!"

"Na anaapa kabisa! Haya, kamba!"

Ona mambo hayo, msomaji. Kwa miaka mitatu mtu huyu alidanganya mchana kweupe na watu wakamwamini. Leo anasema kweli, amelala ndani ya jeneza, anapigiwa makofi.

Katikati ya watu akajitokeza mwanamke mwenye mkoba wa kitambaa. Ni Magreth, fundi cherehani wa Kihonda, mmoja wa wale tisa. Alikuwa amepanda mlima ili aone kwa macho yake jeneza la mtu aliyemtapeli likiingia ardhini. Akasogea mpaka karibu na mfuniko.

"Kama wewe ndiye Severin," alisema, "kiwanja changu kiko wapi?"

Watu wakasogea kusikia mtani atajibu nini.

"Dada Magreth, nisamehe! Wewe ni wa nne! Wa kwanza alikuwa mwalimu, Mwalimu Oscar! Siku ile ulivua viatu ukapima sebule kwa hatua. Ukasema hapa kochi, hapa cherehani, na hapa nitakaa jioni nitazame mlima!"

Watu wakacheka. Magreth hakucheka. Akaushika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Haya ameyajuaje?" aliuliza. "Tulikuwa wawili tu."

"Watani wana siri zao," Mwinjuma akamjibu.

Afande Winfrida, kwa upande wake, alikuwa anajifuta macho. Tangu aajiriwe hajawahi kufurahi kazini kiasi kile. Alishatoa simu anarekodi, apeleke ofisini wenzake wakaone. Severin aliviona vile viatu vyeusi vikisogea, akajua ndiyo nafasi ya mwisho. Mtu aliyemkimbia wiki mbili, sasa akambembeleza kwa sauti ya kulia.

"Afande Winfrida! Nikamate, tafadhali!"

"Nakusikia, marehemu. Kwa kosa gani?"

"Yule mzee mchimba mchanga aliyekupigia simu kusema kaniona nazama Ngerengere! Ni mimi!"

Simu ya Afande ikashuka.

"Mzee gani?"

"Mwenye kikohozi! Ulisema shikamoo mzee, pole na kazi. Ukaniuliza jina, nikakohoa. Ukaniuliza tena, nikakohoa zaidi. Ukasema basi mzee wangu pumzika, ukanitumia elfu mbili ninunue dawa ya kifua!"

Konstebo Rogers akageuka polepole. "Afande, ina maana shahidi wetu hatumjui jina?"

"Rogers, nyamaza."

Jambo hilo lilikuwa halijulikani na mtu. Kwenye jalada Afande aliandika tu kwamba shahidi ameonekana na ametoa maelezo. Elfu mbili za dawa ya kifua alikuwa amemficha hata mumewe. Sasa zimetajwa mbele ya kijiji kizima, na aliyezitaja yuko ndani ya sanduku.

"Fungueni hilo jeneza!" alipiga kelele. "Sasa hivi!"

Mwinjuma hakutikisika. "Afande, binti yangu, serikali tunaiheshimu. Lakini jogoo kwanza."

"Mzee, nitakuweka ndani!"

"Niweke. Lakini wafiwa hawajamkomboa. Nikimfungua bure, utani wa koo hizi mbili nimeuua mimi, leo, kwa nyundo hii. Nikirudi Kinole nitawaambia nini wanangu?"

Aliyasema hayo bila kutabasamu hata kidogo. Afande akawatazama watani na majembe yao, kisha akamtazama konstebo wake mmoja.

"Jogoo yuko wapi?"

Vidole vyote vikaelekea nyuma ya jiko la Mjomba Bonifasi.

"Hapana!" Mjomba alisema. "Huyo ana kazi zake!"

Msomaji, mimi nimeandika mengi kwenye ukurasa huu, lakini sijawahi kuandika habari ya mpelelezi aliyevua viatu akamkimbiza jogoo kwenye matuta ya Mgeta. Afande mbele, konstebo nyuma, jogoo kichwa juu anaruka kutoka tuta hadi tuta. Mjomba naye alikuwa anakimbia, ila yeye alikuwa upande wa jogoo. "Pita huku! Huku kwenye njegere!" alimwelekeza. Rogers akajirusha, akamkosa, akatua kwenye stroberi, akainuka na shati jekundu kifuani mpaka watu wakapiga mayowe wakidhani kaumia. Jogoo akakata kona kwa mwendo mkali, akaingia mwenyewe miguuni kwa Afande, na Afande akamlalia.

"Jeneza mnalikumbuka?" sauti ikauliza kutoka ukingoni mwa kaburi.

Afande akamkabidhi Mjomba ndege wake. "Toa wewe. Kwa mkono wako, ili isemwe wafiwa wametoa."

Mjomba Bonifasi alimtoa jogoo yule kwa uchungu wa mtu anayeng'olewa jino. Akina mama wakaleta ndoo ya togwa. Mwinjuma akaonja togwa, akampapasa jogoo kifua, akaridhika. Misumari ikang'olewa mmoja mmoja, mfuniko ukainuliwa, na Severin akaketi wima huku akivuta hewa ya mlima kwa mdomo wote.

Na hapo, kwa kuwa tapeli hafi upesi, akaangaza macho.

Watani walikuwa wamemzunguka jogoo. Njia ya kwenda bondeni ilikuwa wazi. Koti analo mwilini. Uso wake ni majivu, jasho na ndevu za siku kumi na moja. Ukweli ulishafanya kazi yake, mfuniko umefunguka, wa nini tena?

"Eh, Afande!" alisema akicheka, akiruka nje ya jeneza. "Mbona umekasirika namna hiyo? Si utani tu! Mimi ni mtu wa Kinole bwana!"

Watu wakashangilia. "Mmeona?" Mwinjuma alisema kwa majivuno. "Nilisema mimi!"

"Mwongo!" Magreth alipiga kelele. "Ni yeye!"

"Dada, ukoo wa marehemu ulinieleza mambo yako yote nije kuyaigiza."

"Na elfu mbili zangu?" Afande aliuliza.

"Afande, kijiji kizima kinajua una huruma."

Afande akamkagua juu hadi chini. Alikuwa na mtu mwenye majivu, asiye na kitambulisho, na jalada linalosema mshukiwa amekufa maji. Akamwuliza Mjomba kama anamtambua.

"Mtu aliyenipotezea jogoo," Mjomba alijibu, "sitaki hata kumtazama."

Basi akabaki mmoja tu. Bernadeta, mama yake Severin, hakuwa ameinuka mkekani tangu asubuhi. Afande akamwendea, akapiga magoti kwa adabu.

"Shikamoo mama. Pole sana. Wewe ndiye uliyemzaa. Nitakachoandika ni neno lako wewe. Ukisema si yeye, namwacha aende zake na tunamalizia kuzika. Ni yeye?"

Kijiji kizima kikageuka. Mama Bernadeta akajizoazoa, akainuka, akaja taratibu mpaka mbele ya Severin. Siku kumi na moja za kulia zilikuwa zimemvimbisha macho.

Severin akainama. "Mama," alinong'ona, "sema hunijui. Neno moja tu. Nikifika ninakokwenda nitakupigia simu."

Mama akalowesha pindo la khanga kwenye togwa. Akamfuta paji la uso, akafuta shavu la kulia, akafuta la kushoto, akamshika kidevu akafuta na hapo, kama anayemwandaa kwenda shule. Majivu yakaisha. Uso wa Severin Kobelo ukabaki wazi juani.

"Nilimjua tangu alipoingia uwanjani," Mama alisema. "Mguu wa mwanangu nisiujue? Ninyi mlikuwa mnacheka, mimi natetemeka pale mkekani kwa furaha. Nikasema nikimwita atakimbia. Nikamwita Mwinjuma hapo mkekani nikamwambia, huyo akishalala tu, pigilia."

Mwinjuma akakohoa. "Misumari alinipa mwenyewe. Mimi nilidhani ni utani!"

Severin alimtazama mama yake kama hajawahi kumwona. Aliwalaghai matajiri na walimu, aliwalaghai polisi kwa kikohozi tu. Mtu aliyempiga msumari ni huyu mama wa Mgeta ambaye hajawahi hata kufika Kihonda.

"Mama, watanifunga!"

"Wakufunge. Jela nitakuja kukuona, nikuletee na ugali wangu. Kaburini ningekuona wapi? Na huko unakotaka kwenda ningekuona wapi?" Machozi yakamtoka upya, lakini alikuwa anacheka. "Umeniacha nimelia siku kumi na moja, Severin. Kumi na moja! Nikilala nayaona maji. Afande, ndiye huyu. Severin Kobelo, nimemzaa mimi. Mfunge pingu, ila taratibu, mkono wa kushoto uliwahi kuteguka."

Pingu zikalia. Na kabla mtu hajajua aseme nini, Mama Bernadeta akatupa kichwa nyuma akapiga kigelegele.

Kilikuwa kigelegele cha nguvu, cha harusi, na akina mama wote wakakidaka. Msiba ukapinduka palepale! Ngoma iliyoletwa kumsindikiza maiti ikapigwa kwa ajili ya mfungwa. Wali wa matanga ukapakuliwa mapema. Mtani mmoja akauchukua mgomba pale ukutani akaanza kucheza nao, na mwenzake akamwomba zamu. Rogers, na stroberi zake kifuani, akasahau kama yuko kazini.

Severin aliketi ukingoni mwa kaburi lake, mikono kwenye pingu, mama yake kamshika bega. Na ajabu ni kwamba alijisikia mwepesi. Hakuwa amekula chakula cha moto tangu alipozama.

"Dada Magreth," alisema. "Hati unayoitafuta ni hii hapa. Iko kwenye bitana, upande wa kushoto. Nilikuwa naenda kuiuza mara ya kumi. Chana."

Magreth hakungoja aambiwe mara mbili. Akatoa wembe mkobani, akaligeuza koti ndani nje. Akasita. Akausogeza mshono karibu na macho.

"Ulishona kwa uzi gani?"

"Mweusi."

"Huu mwanzo ni mweusi. Kuanzia hapa ni wa buluu, na mkono ni wa mtu mwingine. Pamefumuliwa hapa, pakashonwa upya."

"Haiwezekani," Severin alisema. "Hakuna anayejua."

Wembe ukapita. Bitana ikafunguka. Magreth akaingiza mkono, akapapasa, akatoa kipande cha boksi la sabuni kilichokatwa vizuri kikalingana na hati. Hati yenyewe haikuwemo.

Afande Winfrida alikuwa ndiyo anafungua mdomo kuuliza nani alilishika koti hilo, simu ya Magreth ikaita. Alikuwa Mwalimu Oscar, akipiga kutoka Kihonda, akihema. Magreth akaweka sauti kubwa ili wote wasikie.

"Magreth, uko wapi? Njoo kiwanjani! Kuna mtu hapa anashusha matofali. Hati anayo, halisi, nimeishika kwa mkono wangu. Na kitambulisho kinalingana na hati!"

"Anaitwa nani?" Afande akadakia.

"Ndiyo maana nawapigia! Si mlisema mnazika leo? Anasema yeye ndiye Severin Kobelo!"

Ngoma ikanyamaza. Severin akainuka na pingu zake. "Severin ni mimi!" alipiga kelele, na safari hii hakuna aliyecheka.

"Mpe simu huyo mtu," Afande aliamuru.

Kulikuwa na mkwaruzo, kisha sauti ya mwanamume mtu mzima, tulivu, isiyo na haraka.

"Haloo," ilisema. "Nani huko anayejiita kwa jina langu?"

Mama Bernadeta aliisikia sauti ile. Mkono wake ukaachia bega la mwanawe, akaketi chini juu ya udongo wa kaburi. Aliijua. Ni ya nani? Nitakuambia wiki ijayo, msomaji.